Mteja wa Alhamisi

"Vipi, yule mwenzako wa chumbani bado anakoroma?"

Mpelelezi alisimama katikati ya njia. Aliyemuuliza alikuwa fundi viatu, mwanamume mwenye misumari midogo mdomoni, ambaye hawakuwahi kusalimiana naye hata siku moja.

"Samahani, unaniuliza mimi?"

"Sasa nimuulize nani? Si wewe unayesoma takwimu huko kwenye baridi?"

Kabla hajapata la kujibu, mama mmoja muuza vitambaa akamwita kutoka upande wa pili wa barabara.

"Mwanangu! Kile kikohozi kimekuacha? Ulikunywa tangawizi kama tulivyokuambia?"

"Mlivyoniambia? Nyinyi na nani?"

Mama yule akajifanya anakunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa.

Ilikuwa Jumanne, siku ya pili tangu arudi likizo baada ya muhula wake wa kwanza ughaibuni. Nyumbani walimwita Mpelelezi tangu ana miaka minne, kwa sababu hakukuwa na kabati ambalo hakulifungua wala swali ambalo hakuuliza mara mbili. Na sasa mtaa mzima ulikuwa unajua mambo ambayo alimwandikia mtu mmoja tu duniani. Mtu huyo alikuwa mpenzi wake wa mwaka mmoja na nusu, kinyozi mwenye saluni ya viti viwili karibu na soko la juu, ambaye wazazi wa Mpelelezi hawakuwa wanamjua.

Dakika tano zilizopita alikuwa amemtumia ujumbe: "Niko njiani. Moyo unanidunda."

Alifika mlangoni, akachungulia. Kinyozi alikuwa amempa mgongo, wembe mkono mmoja, povu mkono mwingine. Kwenye kiti alikaa bwana mnene aliyefungwa kitambaa shingoni, shavu moja limenyolewa, la pili limejaa povu. Mikononi mwa bwana huyo kulikuwa na simu. Simu ya Kinyozi.

"Mwandikie hivi," alisema Kinyozi. "'Wangu unadunda zaidi.'"

"Nimeandika. Niweke na kile kiuso kinacholia?"

"Analia kwa nini sasa? Weka kinachocheka."

Simu ikalia mkononi mwa Mpelelezi. *Wangu unadunda zaidi*, na kiuso kinachocheka.

"Kumbe!" alisema.

Kinyozi aligeuka. Uso wake ukachangamka, kisha akaona macho ya mpenzi wake yalivyoganda kwenye simu, na furaha yote ikamshuka.

"Umefika! Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Huyu ni nani?"

"Mimi ni mteja tu, shemeji," alisema bwana mnene, akirudisha simu mezani taratibu. "Karibu nyumbani. Hongera kwa ile sabini na nne."

"Hata alama zangu anazijua!"

"Sote tulifurahi sana," alisema yule bwana, na kwa kweli alionekana kufurahi. Akajifuta povu kwa kitambaa, akasema nusu ya pili ataimalizia kwake, akaondoka.

Walibaki wawili. Kwenye kona ya kioo ilibandikwa picha ya Mpelelezi, ile aliyopiga siku ya kuondoka. Ndiyo maana wote walimtambua.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu wiki ya kwanza."

"Kwa hiyo muhula mzima nimekuwa naandikiana na wateja?"

"Maneno ni yangu! Wao ni mikono tu. Mpenzi, nisikilize. Mimi kuanzia saa mbili asubuhi mikono yangu ina povu. Nikisema nijibu nikimaliza kichwa, wewe dakika kumi hazijapita unaandika 'mbona kimya', ya kumi na tano 'uko na nani'. Siku ile ya kwanza nilimkata mtu sikio nikikimbilia simu. Nikamwomba aliye kwenye kiti anisaidie. Basi ikawa ndio desturi ya hapa."

Mpelelezi aliitia simu mfukoni. Hilo la dakika kumi lilikuwa kweli na lilimuuma.

"Na tangawizi?"

"Hiyo ilikuwa ya muuza vitambaa. Alimleta mwanawe kunyoa. Nilimruhusu aongeze."

"Kwa hiyo wanaongezaga!"

"Mara mojamoja."

Hapo ndipo wazo likamgonga, na kwa mara ya kwanza tangu afike aliogopa kuuliza. Kulikuwa na ujumbe mmoja ambao aliubeba moyoni. Wiki ya saba, baada ya kupata thelathini na moja kwenye mtihani wa kwanza, alikuwa amemwandikia Kinyozi kwamba ameshindwa, kwamba anakata tiketi arudi. Jibu lililokuja alilisoma mpaka akalijua kwa moyo:

*Nimesoma ulichoandika. Thelathini na moja ni mtihani mmoja tu. Usikate tiketi leo. Ulipojifunza baiskeli ulianguka mara sita siku moja, ukakataa kuingia ndani mpaka ukafika getini bila kushikwa. Kula, lala, kesho mpelekee mwalimu ile karatasi akuonyeshe ulipokosea. Nipo.*

Usiku ule alikula, akalala. Kesho yake akaenda kwa mwalimu. Na alipokuwa anarudi bwenini aliamua kwamba huyu aliyemwambia asirudi, wakati angeweza kumvuta arudi, ndiye mume. Ndiyo maana jana tu aliwaambia wazazi wake kwamba Jumapili ana mgeni wa kuwatambulisha.

"Nilikusimulia lini habari za baiskeli?" aliuliza.

"Baiskeli ipi?"

Kinyozi alimtazama, akaelewa, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ule ujumbe," alisema.

"Ule ujumbe. Nani aliandika?"

"Kuna mzee mmoja. Jina silijui, sisi tunamwita Mzee wa Alhamisi, maana anakuja kila Alhamisi. Siku ile alikuwa kwenye kiti. Akasoma ujumbe wako kwa sauti, nami nikamwambia cha kujibu. Akaandika kwa muda mrefu. Nilijua ni uzee, vidole vizito. Jioni ndiyo nikasoma alichotuma."

"Na wewe ulimwambia ajibu nini?"

Kinyozi aliangalia mikono yake.

"Niambie hivyo hivyo, usinifiche."

"Nilisema: 'Rudi mpenzi, nakungoja.'"

Mpelelezi aliegemea mlango.

"Uliposoma hukuniambia."

"Ulikuwa umeshajibu. Ulisema hakuna mtu aliyewahi kukuelewa kama mimi. Mpenzi, mtu akiambiwa hivyo atoke wapi aseme si mimi? Nikasema kesho. Kesho ikawa kesho."

"Unajua kwa nini niliwaambia nyumbani Jumapili utakuja? Kwa ujumbe ule. Si kwa maua, si kwa viuso vinavyocheka. Kwa ule."

"Najua."

"Basi Jumapili usije," alisema, akatoka.

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni akimenya viazi kwa hasira, maganda mazito kama viazi vyenyewe. Mama alifunga mlango kwa kisigino.

"Mpelelezi, kaa hapo. Nina kazi yako."

"Mama, leo sina hali."

"Utapata hali. Baba yako ana mtu."

"Ana mtu gani?"

"Mwanamke! Nisikilize. Ulivyoondoka tu, ofisini wakambadilishia kanda. Zamani Alhamisi alikuwa anakagua mizani kule bandarini, sasa wamempa soko la juu. Sawa. Wiki ya pili nikaanza kuona mambo. Kila Alhamisi anarudi kanyoa, ananukia."

"Kunyoa ni kosa?"

"Anyoe nini? Umekitazama kichwa cha baba yako? Nywele zile naweza kuzihesabu nikiwa sebuleni! Halafu anarudi anatabasamu peke yake. Kuna Alhamisi moja alirudi hajala, akakaa hapo mlangoni na simu mkononi mpaka kesho yake. Nikamuuliza kuna nini, akasema, 'Nasubiri kitu kikae sawa.' Kitu gani, kama si mwanamke?"

Mpelelezi alivuta kiti karibu.

"Mama. Ile siku niliyojifunza baiskeli, ulikuwepo?"

"Baiskeli imeingiaje hapa? Sikuwepo, nilikuwa hospitali na mdogo wako, siku mbili tangu nimzae. Ulikuwa na baba yako peke yenu. Nilirudi nikakuta magoti yako yote bandeji, na wala hakuna aliyetaka kunisimulia."

Mpelelezi alichukua kiazi, akakirudisha. Baba yake! Mtu ambaye kwenye simu walisalimiana kwa sekunde arobaini. Mtu aliyepima mizani ya watu miaka ishirini na saba na hakuwahi kumwambia mtoto wake maneno kumi ya upole kwa mfululizo.

"Si mwanamke, mama. Nipe mpaka Alhamisi."

"Unajua kitu!"

"Nipe mpaka Alhamisi tu."

Jioni mezani mama aliuliza mgeni wa Jumapili anakula nini.

"Haji tena," alisema Mpelelezi.

Baba alishusha gazeti. "Haji? Kwa nini asije?"

"Nimebadili mawazo, baba."

"Kakukosea?"

"Baba, wala hujui ni nani."

"Hilo ni kweli," alisema baba, akainua gazeti tena. Mpelelezi aliona kwamba lilikuwa juu chini.

Alhamisi, saa tano asubuhi, alikuwa ameketi kwenye kibao cha fundi viatu, kando ya dirisha la saluni. Fundi hakuuliza kitu, na kwa mtu kama yule hiyo ilikuwa kazi kubwa. Saa tano na robo baba akatokea sokoni, kalamu sikioni, akaingia saluni bila kutazama pembeni.

"Karibu, mzee wangu," Kinyozi alisikika akisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Mbona uso umekuvimba?"

"Ni mambo tu, mzee."

"Binti kasemaje?"

"Hajaniandikia tangu juzi."

Mpelelezi aliandika ujumbe wake. Alifuta mara tatu, kisha akatuma: "Namtafuta mtu aliyeniandikia habari za baiskeli. Nataka kumjua."

Simu ikalia ndani. Kupitia dirisha alimwona baba yake akinyoosha mkono haraka, kama mtu aliyezoea. Akavaa miwani. Akasoma. Midomo ilianza kusoma kwa sauti, ikaishia neno la tatu.

"Anasemaje, mzee?"

Kinyozi akazima mashine, akainama, akasoma begani mwake. Kisha akafanya kitu ambacho muhula mzima hakuwa amefanya: akafuta mikono kwenye koti lake, mmoja baada ya mwingine.

"Naomba simu, mzee. Hii nitajibu mwenyewe."

Alichukua muda mrefu. Mteja mwingine alichungulia, akapungiwa mkono aende. Baba alikaa na kitambaa chake shingoni, upande mmoja umenyolewa, akiangalia picha kwenye kioo.

Ujumbe ukafika kibaoni kwa fundi viatu.

*Ni mzee mmoja mteja wangu. Jina lake silijui lakini yuko hapa sasa hivi. Njoo umwone, anastahili asante yako. Mimi niliyetaka urudi sikukosea kukukumbuka, nilikosea kupokea sifa za mtu mwingine. Nisamehe. Hapa hakuna aliyenisaidia kuandika.*

Aliusoma mara moja tu. Hakuwa na haja ya mara ya pili. Akainuka, akasukuma mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema baba, kwa mazoea tu, halafu akashtuka.

Kinyozi alimwangalia mmoja, akamwangalia wa pili. Chanuo likamdondoka.

"Baba? Baba yako? Huyu?"

"Ndiye."

"Mzee wangu! Miezi yote mitatu! Nimekusomesha ujumbe wa mahaba wa binti yako mwenyewe!"

"Mingine niliruka," alisema baba kwa heshima zote.

Mpelelezi alitaka kucheka na kulia, vyote vikaja kwa pamoja.

"Kwa nini, baba? Kwa nini hukuniambia tu wewe mwenyewe?"

Baba alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha saluni, akazidi kuichafua.

"Niliingia humu kuomba maji. Nikaona picha yako kwenye kioo. Nikakaa, nikasema ninyoe, nimwone huyu ni mtu gani. Simu ikalia, akaniomba nimsomee. Mwanangu, mimi kwangu unaandika 'Shikamoo baba, sijambo, salimia wote.' Hapa nikakuta unaandika umekula nini, umelia wapi, nani kakucheka darasani. Nikaona kumbe nina mtoto anayejua kusema. Alhamisi iliyofuata nikarudi. Nywele zikaisha, nikaendelea kurudi."

"Na ile siku?"

"Ile siku huyu kijana alisema urudi. Simlaumu, ni kijana na anakupenda. Lakini mimi ndiye niliyekushika baiskeli, ningeandikaje urudi? Vidole vikaandika vyenyewe. Nilimkosea yeye, na nilikukosea wewe. Kuandika kwa jina la mtu ni kama kuchezea mizani."

"Ningekuwa najua ni wewe..."

"Usingesikia. Ungesema baba naye kwa amri zake."

Ilikuwa kweli, na wote watatu walijua. Mpelelezi alimfungua kitambaa cha shingoni, akamkumbatia na nywele zake zote chache. Alimshika muda mrefu kuliko alivyomshika uwanja wa ndege.

Alipomwachia, alimgeukia Kinyozi. Yeye alikuwa amesimama ukutani kama mtu anayengoja hukumu.

"Likizo ikiisha," alisema Mpelelezi, "niende au nibaki?"

Kinyozi alifungua mdomo. Baba naye akafungua wake.

"Baba, naomba. Mwache aseme mwenyewe."

Baba akafunga.

"Ukiniuliza ninachotaka," alisema Kinyozi polepole, "nataka ubaki. Nilitaka tangu siku ile na leo bado nataka, sitakudanganya. Ukiniuliza nitakachofanya, nitakubebea begi mpaka uwanjani. Njiani nitanuna. Usinisemeshe mpaka tufike."

"Na nikichelewa kujibiwa?"

"Utasubiri nimalize kichwa cha mtu."

"Dakika ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini nyingi!"

"Mwenye ndevu ni hamsini."

Mpelelezi alicheka bila kutaka. Kilichomshangaza ni kwamba maneno haya, yasiyo na utamu wowote, yalimwingia kuliko yote aliyoandikiwa muhula mzima. Hata ule ujumbe wa baiskeli haukuwa umemwambia anakumbukwa kiasi gani.

Mlango ukagonga ukuta.

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

Alikuwa mama, mkoba begani, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, pumzi juu juu. Udadisi wa binti haukutoka mbinguni.

"Mama, nilikuambia unipe mpaka Alhamisi!"

"Leo ni nini, si Alhamisi? Nimemfuata tangu sokoni. Nimemwona anaingia humu. Mwanamke yuko wapi?"

Baba, kichwa nusu, alinyoosha kidole kwenye kioo. Mama alisogea, akaitazama ile picha kwa karibu. Akamtazama binti yake, kisha mume wake. Mwisho akamtazama huyu kijana wa koti jeupe, na hesabu ikakamilika kichwani mwake mbele ya macho yao.

"Na wewe ni nani?"

Mikono ya Kinyozi ilikuwa haina wembe wala simu, na haikujua pa kukaa.

"Mimi ndiye niliyekuwa nije Jumapili, mama. Shikamoo. Nampenda binti yenu. Niliharibu jambo, nimemwomba msamaha, bado hajanijibu."

"Marahaba," alisema mama. Akavuta kiti cha pili, akakaa, akaweka mkoba mapajani. "Baba yake, wewe hili ulikuwa unalijua?"

"Kwa miezi mitatu."

"Na mimi nikawa namenya viazi kwa hasira bure! Sisi tutaongea nyumbani." Akamgeukia binti yake, na sauti ikashuka, ikawa ile ya jikoni mlango ukiwa umefungwa. "Mwanangu, nimesikia ya huyu. Ya baba yako nitayasikia leo mpaka nichoke. Wewe je? Unamtaka?"

Fundi viatu alikuwa ameacha kugonga. Muuza vitambaa alikuwa amesimama mlangoni na mteja wake. Mpelelezi aliwaona wote, akajua kwamba zamu hii hakuna atakayemwongezea neno.

"Namtaka," alisema. "Na chuo naendelea nacho."

"Basi amalize kichwa cha baba yako," alisema mama, "twende nyumbani."